Jiwe Lisilo na Mwenyewe

Nyumbani kwetu Mlandege, mjini Iringa, mlango wa jikoni ulizuiwa na jiwe kwa muda wa miaka 36. Upepo wa Iringa wanaujua wakaao Iringa. Ifikapo mwezi Julai, mlango usiozuiwa hugonga usiku kucha kama mtu anayedai chake. Jiwe lenyewe lilikuwa refu kuliko kiganja changu, nene katikati, limechongoka ncha moja na kuviringana ncha ya pili, na kingo zake mbili zilikuwa zimemegwamegwa kwa mpango ambao hata mtoto aliuona kuwa si kazi ya mvua. Mama hakulitumia kwa mlango peke yake. Alilitumia kuvunjia karanga na kupondea chumvi ya mawe, na siku za kupika makande aliliweka juu ya kifuniko cha chungu ili mvuke usitoroke. Mgeni akiuliza habari za jiwe hilo, mama alijibu, "Ni la Isimila, aliliokota huyu," huku akinionyesha kwa kidevu.

Niliokota. Hilo ndilo neno lililotumika nyumbani, nami sikulisahihisha. Kuokota katika lugha yetu ni kitendo kisicho na hatia: mtu huokota kuni, huokota embe lililoanguka njiani, huokota hata maradhi bila kukusudia. Nimeishi na neno hilo muda mrefu, nimelificha mambo mengi ndani yake, na sasa nina mvi za kutosha kulifungua.

Ilikuwa mwaka 1974, nikiwa darasa la sita. Mwalimu wetu alitupeleka Isimila kwa lori la kukodi, mwendo wa kilomita 20 hivi kwenye barabara iendayo Mbeya. Asiyepafika apate picha: ni korongo kavu, lililochimbwa na maji ya mvua za miaka mingi, likiacha nguzo ndefu za udongo na mchanga zilizosimama kama watu wanaongoja zamu. Mahali hapo zamani palikuwa ziwa dogo. Kando ya ziwa hilo waliishi watu wa Zama za Mawe, wakichonga mashoka ya mkono ya granaiti na kwatzaiti, na pamoja nao waliishi viboko wa aina ambayo haipo tena, wenye macho yaliyoinuka juu ya fuvu ili waone vizuri wakiwa wamezama. Mawe waliyoyachonga yametapakaa chini korongoni hata leo. Mwaka 1951 msafiri mmoja kutoka Afrika Kusini aliyaona, akaondoka na machache, akawaambia wataalamu. Mwaka 1957 na 1958 alikuja Mmarekani F. Clark Howell na wenzake Glen Cole na Maxine Kleindienst, wakachimba. Vipimo vilivyofanywa baadaye juu ya mfupa uliopatikana humo vilikadiria umri wa miaka kama 260,000. Mwalimu wetu hakutuambia hesabu hiyo. Alitwambia tu kwamba ni zamani sana, na kwamba tusiguse kitu.

Mimi niligusa. Wenzangu walipokimbilia nguzo nilibaki nyuma nikijifanya nafunga kamba ya kiatu (nilivaa makubazi, hayana kamba), nikalitia jiwe moja chini ya shati. Lilikuwa la baridi ajabu. Njia nzima ya kurudi nililikumbatia kama mgonjwa wa tumbo, hata mwalimu akanipa pole.

Jioni baba alilikuta chini ya kitanda. Alikuwa mtu wa maneno machache, fundi seremala, na aliligeuza mikononi kama anavyogeuza mbao anayotaka kununua.

"Umelitoa kwa nani?"

"Halina mwenyewe, baba. Yamejaa tele."

"Kama halina mwenyewe, mbona ulilificha shatini?"

Sikujibu. Naye hakunichapa, jambo lililonitisha zaidi. Mwaka huo ulikuwa wa Operesheni Vijiji mkoani kwetu. Bibi yangu mzaa baba alikuwa ameondolewa kwenye kiamba chake na kupelekwa kijiji kipya kando ya barabara, akaacha migomba, mti wa mparachichi na kaburi la mumewe. Baba alikuwa amerudi kutoka huko siku chache kabla. Alilitazama jiwe tena, akasema, "Watu wamehamishwa, sasa wewe unahamisha mawe." Akaliweka chini karibu na mlango wa jikoni, labda akikusudia nilirudishe. Usiku huo upepo ulivuma, mama akalisogeza kwa mguu, na likabaki pale.

Swali la baba halikubaki pale. Nilipokuwa mwalimu wa historia katika shule za msingi, nilifundisha habari za Isimila kila mwaka. Nilichora shoka la mkono ubaoni kwa chaki, na wanafunzi walisifu jinsi nilivyolichora vizuri. Hawakujua kwamba nililiona kila asubuhi nikienda kunywa chai. Na kila mwaka nilijitetea kwa namna mpya. Nani ameibiwa? Aliyelichonga hayupo, wala mtoto wake, wala lugha yake, na pengine wala ardhi aliyoikanyaga, maana lilikuwa ziwa na sasa ni korongo. Yeye mwenyewe aliliacha. Nani anayebeba shoka akahama akalisahau, kama bado analihitaji? Serikali, je? Ipo Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, inayolinda vitu vilivyotengenezwa na watu kabla ya mwaka 1863, na jiwe langu lilivuka kipimo hicho kwa salama kubwa. Lakini nilijiambia kuwa mali ya taifa ni mali ya wananchi, nami ni mwananchi, tena mwenye mlango unaogonga. Hoja za namna hii, ndugu msomaji, ni rahisi kuzipata. Mtu hazikosi mpaka siku atakapoacha kuzihitaji.

Mama alifariki mwaka 2008. Miaka miwili baadaye, likizo ya Juni, nilisikia kwamba kuna watu wanaochimba chini ya jabali fulani katika vijiji vya wilaya yetu, na kwamba wanakubali wenye kujitolea. Sitalitaja jabali lenyewe, kwa kuwa waliokuwepo hawakuniruhusu kuwasimulia. Kazi ya namna hiyo si ngeni katika Iringa. Profesa Pamela Willoughby wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, pamoja na wenzake Watanzania na wa nje, walianza mwaka 2006 kuchimba kwenye majabali ya Magubike na Mlambalasi. Mlambalasi, ambako watu wengi wanapajua kwa sababu ya kaburi la Mtwa Mkwawa, ilipatikana mifupa ya watu waliofariki zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. Aidha, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha akiolojia tangu mwaka 1985, kwa hiyo siku hizi si lazima mchimbaji awe Mzungu mwenye kofia pana. Msimamizi wa shimo letu alikuwa binti wa Kitanzania, umri wa kuwa mwanangu, ambaye aliniita Mwalimu na kunipa amri kwa adabu kubwa.

Siku ya kwanza mzee mmoja wa kijiji alimwaga ulanzi kidogo chini ya jabali na kunena na waliolala humo. Nilimwuliza baadaye kama anaamini kuwa hao ni babu zake. "Hapana," akasema, "lakini mtu akipita uani kwa watu hupiga hodi, hata kama si ndugu zake."

Vijana wa kijiji walioajiriwa kwa kibarua walikuwa na swali jingine. Wengi walikwishasikia, kama wasikiavyo watu wa vijiji vingi vya nchi hii, kwamba wachimbaji wa mambo ya kale kwa kweli wanatafuta mali iliyofukiwa na Mjerumani: rupia, dhahabu, masanduku. Walipogundua kuwa mimi silipwi, shaka ikawa hakika. "Mwalimu," mmoja aliniambia tukiwa tunachekecha udongo, "sisi tunalipwa kwa kuwa hatujui kilipo. Wewe hulipwi, maana yake unajua." Walicheka, nami nikacheka. Lakini usiku niliwaza. Kijana yule alikuwa amelitambua jambo moja sawasawa: mtu hatoi jasho lake bure pasipo na kitu anachokitafuta. Tumezoea kusifu kujitolea kana kwamba ni maji safi yasiyo na chanzo. Mimi nilikuwa nimekwenda kulipa deni nisilolitaja, kwa mkopeshaji nisiyemjua, tena kwa fedha ya aina nyingine, kama mwizi wa kuku anayekwenda kufagia msikiti.

Kazi yenyewe ni ya subira. Ardhi hugawanywa kwa kamba katika miraba ya mita moja kwa mita moja. Hushuki ovyo; unashuka sentimita kumi, tena kumi, ukikwangua kwa mwiko mdogo wa fundi mwashi na kufagia kwa brashi. Ukikutana na kitu hukitoi. Unaita. Huja mtu na tepu na pimamaji, hupima kutoka kaskazini, kutoka mashariki na kutoka juu, huandika katika daftari, huchora, hupiga picha, ndipo kitu huinuliwa na kutiwa katika mfuko wenye karatasi. Udongo wote uliotolewa hupitishwa katika chekeche, na kila kipande kilichobaki juu kinaandikwa mraba wake na kina chake. Siku nzima huweza kwisha mkiwa mmeshuka upana wa kidole. Nilipouliza kwa nini kasi hiyo, binti alinijibu, "Mwalimu, mahali pakishachimbwa pamekwisha. Hakuna atakayekuja kupachimba tena."

Jibu hilo lilinishtua, maana nilikuwa nimewadhania wachimbaji kuwa watunzaji. Kumbe wao ni waharibifu kuliko mimi. Mimi nilitoa jiwe moja. Wao wanatoa sakafu nzima na kubakiza shimo. Nilitazama mikono yao na yangu nikitafuta tofauti, na sikuiona ila katika daftari. Wanachoking'oa ardhini wanakipanda upya katika maandishi: hiki kilikuwa hapa, karibu na kile, chini ya jivu hili, juu ya mfupa ule. Msafiri wa mwaka 1951 naye aliondoka na mawe ya Isimila kama mimi nilivyoondoka na langu. Yeye alikwenda kusema, mimi nilikwenda kuficha.

Siku ya tisa, jua likiwa limeanza kuingia chini ya jabali, nilikuwa peke yangu katika mraba wangu. Ukuta wa shimo ulimomonyoka kidogo karibu na bega langu, na katika ufa niliona duara jeupe, si kubwa kuliko punje ya choroko, lenye tundu katikati. Ulikuwa ushanga wa ganda la yai la mbuni. Mtu aliyekaa pale, maelfu ya miaka kabla ya mtu yeyote kuitwa Mhehe au Mtanzania, alivunja ganda la yai, akakitoboa kipande chake, akakisugua mpaka kikawa duara, kwa sababu alitaka kupendeza au alitaka mtu fulani apendeze. Msomaji anisamehe: sikuita mtu. Mkono wangu ulikwenda wenyewe, kama ulivyokwenda mwaka 1974, na nilipozinduka ushanga ulikuwa kiganjani.

Nilipomletea, binti hakunigombeza. Aliutazama, akatabasamu kwa uzuri wake, kisha akaniuliza, "Ulikuwa wapi hasa?" Nikanyosha kidole ukutani. Kidole kikaenda juu, kikashuka, kikasita. Pale ufa ulipokuwa, udongo ulikwishaanguka. Nilisema hapa, halafu nikasema, au hapa. Kati ya hapa na hapa palikuwa na rangi mbili za udongo, na kwa kadiri alivyonieleza kwa upole, kati ya rangi hizo mbili huenda kulikuwa na miaka elfu kadhaa. Akachukua karatasi, akaandika mraba, tarehe, jina langu, na mbele ya neno kina akaandika: hakijulikani.

Ushanga ulikuwa mzima. Haukuvunjika, haukupotea, umo katika mfuko wake hadi leo, na kwa macho ya mtu wa kawaida hakuna kilichoharibika. Na hapo ndipo nilipolielewa swali la baba. Nilikuwa nimetafuta aliyeibiwa upande wa nyuma, kwa wafu, na upande wa juu, kwa serikali, nami sikumwona. Sikutafuta mbele. Aliyeibiwa ni yule atakayekuja kuuliza. Jiwe la Isimila lina thamani ndogo likiwa peke yake. Yapo mamia kama hilo. Nilichokitoa shatini mwangu kilikuwa ujirani wake: lililala katika tabaka gani, liliegemea mfupa wa mnyama gani, lilikuwa la mwisho katika rundo au la kwanza. Kila moja la maswali hayo lilikuwa na jibu asubuhi ya siku ile, na jioni halikuwa nalo. Na mwenye swali lenyewe pengine hajazaliwa. Mwaka 1974 kulikuwa na mambo ambayo hakuna mtaalamu aliyeweza kuyasoma katika jiwe, na leo yanasomwa: mafuta, utomvu, chembe za mimea zilizong'ang'ania kwenye kingo. Mtu anayekuibia fedha unajua umeibiwa nini. Mimi nilimwibia mtu jibu kabla hajapata swali.

Nilipomweleza mdogo wangu mawazo haya hakuyakubali. Yeye ni fundi wa magari, na hoja zake huzikaza kama anavyokaza nati. "Kaka," alisema, "huyo wa mbele simjui. Mama namjua. Huyo aliyelichonga alilitumia siku ngapi? Labda jioni moja, akachinjia kiboko wake akalitupa. Mama amelishika miaka 34. Kama jiwe lina mwenyewe duniani, mwenyewe ni mama. Ulirudishe uende ukampe nani?" Nami sikuwa na jibu kamili, wala sinalo hadi leo. Karanga tulizokulia zilivunjwa na jiwe lile. Kama kutumia kunampa mtu haki, hakuna mwenye haki kuzidi mama yetu. Nilimwambia tu kwamba mama hakujua limetoka wapi korongoni, na mimi niliyejua nimesahau, na kwamba kosa langu kwa mama ndilo hilo: nilimpa kitu nikamwachia na uongo wake.

Katika mkoa wetu lipo jambo kubwa kuliko langu linalofanana nalo, na ninalitaja kwa heshima. Mtwa Mkwawa alijipiga risasi tarehe 19 Julai 1898 asikamatwe, na Wajerumani wakamkata kichwa. Kichwa hicho kilidaiwa hata katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, kifungu cha 246, ambacho kiliipa Ujerumani miezi sita kukirudisha. Miezi sita ikawa miaka 35. Gavana Edward Twining alipokwenda Bremen alikuta makumbusho yenye mafuvu yapatayo 2,000, na ilibidi kutafuta moja kwa kulinganisha vipimo na vya ndugu wa Mkwawa, na kwa kuangalia tundu la risasi. Lililochaguliwa lilirudishwa Kalenga mwaka 1954, akakabidhiwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa. Sisemi kwamba silo, na sina haki ya kusema. Nasema kwamba aliyelichukua bila kuandika sawasawa ametuachia kazi ya kuamini pale ambapo tungeweza kujua. Baba yangu alikuwepo siku ile, akiwa kijana. Aliniambia watu walilia. Nilimwuliza kama waliamini. "Walilia," akarudia, kana kwamba sikusikia mara ya kwanza.

Mwezi Agosti wa mwaka huo huo 2010 nililifunga jiwe katika kanga ya mama, nikapanda basi la kwenda Mafinga, nikateremka njia panda ya Isimila. Sikwenda moja kwa moja kwa mlinzi. Nililipa kiingilio kama mtalii, nikasema nitajitembeza mwenyewe, nikashuka korongoni.

Nilikuwa na mpango mwepesi. Ningetafuta mahali penye mawe mengi, niliweke, niondoke. Hakuna ambaye angejua. Jiwe lingekuwa kwao, mimi ningekuwa na usingizi. Nilipata mahali, chini ya ukingo wenye kivuli, nikachuchumaa na kulilaza kati ya wenzake. Nakiri lilipendeza. Lilikaa kana kwamba halikuondoka. Nikarudi hatua kumi, nikaligeukia, na sikuweza kulitofautisha na mengine.

Ndipo nikaogopa. Maana nikiwa na ujinga wa 1974 hilo lingekuwa toba, lakini nilikwishachimba. Nilijua sasa kwamba mahali ni neno, na kwamba kulilaza jiwe hapo ni kusema: mimi nilikuwa hapa. Mtafiti wa mwaka 2060 angelikuta, angepima kutoka kaskazini, kutoka mashariki na kutoka juu, angeandika kwa uaminifu wote, na daftari lake lingekuwa na uongo wangu ndani yake. Mara ya kwanza nililiondolea jiwe ushahidi wake. Sasa nilikuwa nalifundisha kutoa ushahidi wa uongo. Kumbe kuna vitu ambavyo mwizi anaweza kuvitoa mkononi mwake na bado asiweze kuvirudisha. Nikalitafuta tena kwa hofu ya kukosea, nikalitambua kwa upande uliong'aa, nikalitia katika kanga. Kwa mara ya pili maishani mwangu nilipanda kutoka korongoni nikiwa nimelificha jiwe lile lile.

Mlinzi alikuwa mzee wa makamo ya baba yangu mdogo, amekaa kwenye kiti cha mbao nje ya nyumba ya maonyesho. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba na kunimwagia kamwene juu yake. Nilimweleza yote, tangu lori hadi ushanga. Hakuonyesha kushangaa. Nikamkabidhi jiwe pamoja na ukurasa wa daftari la shule nilioandika nyumbani usiku uliotangulia, na ambao nilikuwa tayari kuuchana kama mpango wa korongoni ungefaulu: "Shoka la mkono. Limetolewa Isimila na mwanafunzi mwaka 1974. Sehemu halisi: haijulikani. Kuanzia hapo lilitumika Mlandege kuzuia mlango wa jikoni, kuvunja karanga na kuponda chumvi." Chini nikaweka jina langu na sahihi.

Mzee aliusoma taratibu, midomo ikicheza. Kisha akapitisha kidole gumba juu ya ncha ya mviringo, pale palipong'aa na kuwa na vitone vyeupe vya kugongagonga.

"Hapa pametumika juzi juzi," akasema.

"Ni mama."

Aliitikia kwa kichwa, akasimama, akaenda nyuma ya nyumba na kurudi na ndoo ya maji na brashi. Huyaosha mawe yanayoletwa, alinieleza, kwa kuwa watu huyaleta na matope. Aliinama, akalishika jiwe juu ya maji, halafu akasita na kunitazama. "Hili tulioshe?"

Nikawaza mafuta ya karanga za miaka 34, na chumvi, na mkono. Nikamwambia aliache kama lilivyo. Akaukunja ule ukurasa mara mbili, akaufungia kwenye jiwe kwa uzi wa katani, akaniomba kalamu. Baada ya neno karanga alitaka kuongeza jina la mama, nami nikamtajia herufi kwa herufi.

Mlango wa jikoni siku hizi tunauzuia kwa tofali.